Nilipanda bustani nipate utulivu, sasa mtaa mzima umehamia kwangu

BARAZANI KWA SHANGAZI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina mume na watoto watatu. Tunakaa Mikanjuni hapa Tanga, kwenye nyumba tuliyoijenga wenyewe kwa kuungaunga mpaka ikasimama. Mchana nafundisha darasa lenye watoto zaidi ya 80, na ikifika saa 9 sauti imeshanikauka. Kazi yangu nyingine haina fedha nyingi, lakini ndiko roho yangu iliko: natunga mashairi. Watu huniagiza ya harusi na ya kuwaaga wastaafu, na madrasa huniomba kasida za maulidi ya watoto.

Tulipohamia, mbele ya nyumba palikuwa mchanga mtupu na mwembe mmoja tulioukuta. Nikaanza kupanda kidogokidogo. Asumini nikaiweka pembeni mwa kibaraza, rehani kwenye makopo, bogenvilia kwenye uzio, mkomamanga kwenye kona, na waridi ambalo lilinisumbua sana mpaka likakubali. Mume wangu alipoona panapendeza naye akaingia kazini. Akajenga mabenchi mawili ya saruji chini ya mwembe, yanatazamana, na juu yake akaning'iniza taa. Shangazi, palikuwa pazuri. Nikirudi kazini nakaa pale na daftari langu, upepo unapita, na beti zinakuja bila kuvutwa.

Hali hiyo haikudumu. Kwanza alianza wifi yangu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Akawa anakuja kila siku saa 10 alasiri na ukili wake, anasuka huku anaongea. Baadaye akaja na shoga yake, shoga akaja na jirani yake. Magharibi wakiondoka wao, wanaingia marafiki wa mume wangu na drafti. Muuza kahawa wa mtaa naye ameshajua, analeta dele lake moja kwa moja kwetu. Wakishakaa wanaume mimi siwezi tena kutoka mbele na daftari, naishia chumbani chini ya feni. Watoto wa mtaa nao mpira wao siku zote unaangukia kwenye rehani.

Kilichonifanya niandike ni jambo la Ijumaa moja. Nimerudi shule, nakuta asumini yangu imechumwa yote, matumba na majani, na tawi kubwa limevunjika. Kulikuwa na harusi mtaa wa pili, na wifi ndiye aliyewaruhusu wachume. Nikakasirika, nikasema maneno. Mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye, akanituliza kwa hadithi ya Mtume kwamba Muislamu akipanda mti, kinacholiwa humo na mtu, mnyama au ndege ni sadaka yake. Akaongeza kuwa kwanza angalau asumini inafaa kwa harusi, mengine yale ni maua tu hayaliwi, bora ningepanda matembele. Nikanyamaza, lakini moyoni sikuridhika.

Nimejaribu kuhamia uani. Huko nyuma kuna ukuta wa jirani upande wa mashariki, kuna tanki la maji, banda la kuku, kamba za nguo, na kifusi tulichobakiwa nacho tulipojenga. Nilipanda asumini mbili kando ya ukuta. Zimedumaa, na majani yake machanga yamegeuka manjano ingawa mishipa yake bado ni ya kijani. Nikakata tamaa.

Mume wangu nikimgusia anasema, "Watu wakipenda kwako ni baraka." Anaona fahari. Mimi nafikiria kufunga geti kwa kufuli ikifika saa 9, au kupanda michongoma mirefu watu wasione ndani. Siku nyingine nafikiria kung'oa kila kitu pabaki mchanga kama tulivyopakuta. Sitaki kuonekana mchoyo, wala sitaki kugombana na ndugu wa mume. Nifanyeje?

Halafu, ukipata nafasi, nielekeze: nimetamani sana mlangilangi, ule mti wa maua ya manukato, niuweke wapi?

Mwenye Asumini, Tanga

---

Marahaba, mwalimu wangu.

Nianze na mabenchi. Katika barua yako umemlalamikia wifi, umewalalamikia wacheza drafti, na wenye mpira hujawasahau. Mabenchi umeyasifu tu. Mimi nadhani hao watu wote kosa lao ni dogo. Mtu anapita barabarani na jua lake kichwani, anaona kivuli cha mwembe, maua, mabenchi mawili yanayotazamana na taa juu yake. Huyo hajakuvamia, ameitwa. Umejenga baraza, mwanangu, tena huenda ndilo zuri kuliko yote mtaani, sasa unashangaa watu wanabarizi.

Siku ukishuka Ngamiani, pita taratibu kwenye zile barabara za namba utazame nyumba za Kiswahili za zamani zilizobaki. Mbele kuna baraza, liko wazi kwa kila apitaye. Mzee anakaa, muuza kahawa anapumzisha mkono, mgeni asiyejulikana anaegemea nguzo na hakuna anayemuuliza ametoka wapi. Ukipita mlango, kuna ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na mwisho kabisa uani. Huko ndiko kuna jiko, mitungi na kamba za nguo, na mara nyingi mti mmoja wa manufaa, mndimu au mpera, na asumini ya wenye nyumba. Mgeni wa barazani hafiki uani mpaka aitwe. Hakuna kufuli wala tangazo, na anayekaribishwa barazani hajioni kuwa amenyimwa uani. Wazee wetu walijua kuwa nyumba moja lazima iwe na mahali pa kuwapa watu na mahali pa kuwanyima, na kwamba ukishawapa cha kutosha mbele, nyuma huna haja ya kumuomba mtu radhi.

Sisi wa siku hizi tumeligeuza jambo hili. Tunapamba mbele kwa sababu ndiko kunakoonekana, uani tunatupa kifusi. Nyumba ngapi nimeingia Tanga hii, mbele waridi na vigae, nyuma mtu anaruka ndoo zilizopasuka kwenda kuanika nguo! Halafu mama mwenye nyumba, ambaye nusu ya siku yake inapita huko nyuma, anasema hana pa kupumzika.

Kwa hiyo kufuli, hapana. Michongoma, hapana. Na jembe la kung'olea liweke chini kabisa. Ukifunga geti leo baada ya kuwaacha watu wamekaa muda wote huo, hawatasema mwalimu anataka utulivu, watasema mwalimu amejaa kiburi. Mume wako ataumbuka mbele ya wenzake, na ugomvi ulioukwepa kwa wifi utaupata chumbani kwako. Halafu wewe ni mtunzi. Anayekuagiza shairi la harusi ametoka kwenye mabenchi hayohayo. Maneno unayoyatia kwenye beti, masengenyo na mizaha na vijembe vya akina mama wanaosuka ukili, unadhani ungeyapata wapi? Liache baraza liwe baraza. Ila liache kwa kauli yako, si kwa kushindwa.

Utaniuliza, kwa hiyo mimi mwenye kupanda ndiye nihame? Ndiyo, unahama, na utaukosa ule mwembe, sikudanganyi. Lakini soma tena barua yako mwenyewe. Uani kwako kuko mashariki. Maana yake jua la asubuhi linapiga huko, na wewe ukirudi shule alasiri nyumba yako yenyewe imeshatupa kivuli upande huo. Upepo wetu wa alasiri hapa Tanga unatoka baharini. Hapo mbele unakuja umeshazungushwa na kuta, huko nyuma unaupata wa kwanza. Kipande kizuri cha kiwanja chako umewapa kuku na matofali.

Sasa mume. Yeye amepata baraza, kahawa inamfuata mlangoni, sifa anapewa. Na yeye atoe kitu. Usimwambie, "Wageni wako wananichosha." Ukisema hivyo atasimama kuwatetea wageni, na mtalala mnabishana kuhusu heshima ya watu ambao hata hawapo. Ngoja ameshakula, hakuna mtu nyumbani, umwambie, "Baba, mbele nimewaachia nyinyi, pamependeza. Mimi nataka uani, nisaidie kutoa kile kifusi." Usiombe huruma, omba kazi yenye mwanzo na mwisho. Mwanamume aliyejenga mabenchi bila kuagizwa anapenda kujenga, huyo hutamshinda kwa hoja, utamshinda kwa kumpa cha kufanya.

Kifusi chenyewe nadhani ndicho kinachokuulia asumini. Majani machanga kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani ni dalili ya mmea kukosa madini ya chuma, na mara nyingi madini hayo yamo ardhini ila mmea hauwezi kuyanyonya kwa sababu ya chokaa iliyozidi. Kando ya ukuta ndiko mafundi humwaga mabaki ya saruji na plasta, na pwani yetu hii mahali pengi chini ni mawe ya matumbawe, nayo ni chokaa tupu. Ukiongeza maji haisaidii. Ng'oa hizo asumini mbili polepole na udongo wake, uzihamishe hatua kadhaa kutoka ukutani. Chimba shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, mchanga wenye vipande vya saruji utupe, ujaze udongo mzuri uliochanganywa na samadi iliyooza sawasawa. Iliyooza, nasisitiza, mbichi inaunguza mizizi. Mkikuta chini ni mwamba, msihangaike na sururu. Chukueni pipa lililokatwa katikati, mtoboe matundu chini, mpande humo.

Kuku wafungieni angalau mpaka miche ishike. Kuku akiona udongo laini wenye samadi anadhani umemwandalia yeye.

Maji usinunue kwa ajili ya maua. Nyumba ya watu sita mnaotawadha mara tano kwa siku inamwaga maji mengi safi kabisa. Mwambie mume katika ujenzi wake atengeneze mahali pa kutawadhia palipoinuka kidogo na mfereji mdogo unaoelekea kwenye mashina. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi msiyamwage hapo, wala ya kisima kama yana chumvi, ncha za majani zitaungua. Juu ya udongo mtandaze makumbi ya nazi. Yanazuia jua lisinyonye unyevu, na wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka mvua za masika ziingie Machi, ndiyo yatakayokuokoa. Chicha la nazi liende kwenye mboji, usilimwage kwenye mashina, utaita siafu.

Hapo pa kukaa usimuige mumeo ukajenga benchi. Benchi la saruji ni la watu wawili watatu, na wewe hapo unataka mtu mmoja. Tafuta kiti kimoja cha uvivu, au kitanda cha kamba kama unaweza kuandika umejinyoosha. Kiweke mgongo ukielekea ukuta wa nyumba, uso mashariki, ili anayetoka jikoni umwone kabla hajakuona. Asumini ziwe mbele yako upande unakotokea upepo, harufu ije yenyewe. Watu wengi hupanda asumini nyuma ya kiti, halafu jirani ndiye anayenusa. Matumba yake hufunguka jioni, kwa hiyo ukikaa saa 10 na daftari, ikikaribia magharibi ndipo manukato yanaanza. Mbele zaidi, kamba za nguo zihamishiwe upande wa tanki. Huwezi kutunga kasida unatazama soksi za shule.

Kipande ambacho jua halifiki, kule nyuma ya tanki, usilazimishe asumini wala waridi. Panda majani ya kivulini. Na hapa niruhusu nichepuke. Kuna ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya, linaota kwenye mawe yenye kivuli na unyevu katika milima ya Usambara, ile tunayoiona kwa mbali hewa ikiwa safi. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa huku, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu la Saintpaulia kwa ajili yake. Leo Ulaya na Marekani liko kwenye vikopo madirishani, mabibi wa huko wanalilea kama mjukuu, na sisi wenye milima wengi wetu hatujawahi kuliona. Ukikutana nalo kwa muuza miche anayelizalisha, nunua. La porini usiling'oe, linazidi kupungua.

Jambo moja usilipuuze kwa kuwa unapenda kukaa alasiri. Mbu wa dengue si yule wa malaria anayengoja usiku. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, saa hizohizo zako za kutunga. Mwaka 2019 dengue ilipoingia Dar es Salaam na Tanga tulimjua. Anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama: kisahani chini ya chungu, kopo, tairi, kifuniko cha tanki kilichobonyea. Makopo ya rehani yatoboe chini, visahani vimwage angalau mara moja kwa wiki, tanki lifunike vizuri.

Nije kwenye asumini iliyochumwa. Hadithi aliyokusomea mama mkwe ni sahihi, tena katika mapokezi ya Imam Muslim imo kwamba hata kilichoibwa kwenye mti huo kinaandikwa sadaka kwa aliyepanda. Lakini angalia inasema na nani. Inamfariji aliyepanda. Haimpi ruhusa anayechuma, sembuse anayevunja tawi. Usimrudishie mama mkwe maneno haya, yabaki baina yetu. Kwa wifi ndiko kwenye mazungumzo, na hapo sikushauri umkumbushe ile Ijumaa. Mpelekee mche.

Lile tawi lililovunjika, na mengine utakayoyapunguza, usitupe. Asumini huzaa maua kwenye machipukizi mapya, ukiikata baada ya msimu mmoja wa maua unaisaidia. Chukua vipande vya matawi yaliyokomaa kiasi, urefu karibu shibiri, uondoe majani ya chini, uviingize kwenye vikopo vya mchanga na mboji vifundo viwili vikiwa ndani ya udongo. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu usiwe tope. Wiki ya nne mpaka ya sita vingi vitakuwa vimetoa mizizi. Ukianza sasa, mvua za vuli zikifika Oktoba una miche ya kugawa. Wa kwanza mpe wifi, nenda nyumbani kwake ukampandie mwenyewe mlangoni. Wa pili shoga yake. Mtaa wenye asumini milango sita hauhangaiki na yako pakiwa na harusi, na wifi akishaona mtu anataka kuvunja tawi lake, utasikia sauti yake mpaka kwako.

Mbele waachie na mgomba au kichaka kimoja cha mchaichai karibu na geti, cha kuchuma kila mtu. Watu wakiwa na chao cha kuchuma hawatafuti chako.

Halafu saa zako. Hapa umejikosea haki wewe mwenyewe. Nahisi watu wakikuuliza uani unafanya nini utasema, "Napumzika tu." Ukisema unapumzika watakuja kupumzika nawe, ndiyo desturi yetu, hakuna anayemwacha mtu apumzike peke yake. Sema una kazi. "Nina shairi la harusi ya binti fulani, wanalitaka Alhamisi." Kazi yenye jina na siku inaheshimika hata na asiyejua kusoma. Wifi yako huyohuyo atawafukuza watoto wa mpira kwa niaba yako, na atajisifu kwamba wifi yake yuko ndani anatunga. Na hilo la malipo, umesema haikupi fedha nyingi. Je, umewahi kutaja bei? Hilo niandikie siku nyingine.

Siku moja katika wiki kaa nao mbele, tena kaa hasa, chukua ukili usuke. Usitoweke moja kwa moja. Mtu aliyeonekana barazani jana, leo akikosekana hasemwi.

Mama mkwe na matembele yake, mpe. Kando ya mfereji wa maji ya udhu patakuwa na unyevu daima, na matembele hayataki zaidi ya hapo. Chomeka vipande vya mashina tu, vitatambaa. Hataki kukuharibia maua, anataka kuwa na kitu chake kwenye uwanja huu na yeye achume kwa mkono wake jioni. Ataamka asubuhi kumwagilia na asumini zako zitapata humohumo.

Mlangilangi sasa. Usiusogeze karibu na ukuta wala shimo la choo. Huo ni mti, si kichaka, ukiuacha unapita paa na kwenda zaidi ya mita 10, na matawi yake ni mepesi kuvunjika upepo wa kusi ukikaza. Visiwani Komoro, wanakoulima kwa ajili ya manukato, hukata kilele ukiwa mchanga na kuyainamisha matawi, mti ukabaki kimo cha mchumaji. Nawe fanya hivyo. Uweke upande wa kusini-mashariki wa uani, palipo wazi mbali na ukuta, ukivuka urefu wako ukate kichwa bila kuuhurumia, na matawi uyafunge kwa kamba ya katani kwenye vijiti uyavute chini. Maua yake yakigeuka manjano ndiyo yameiva, na uyachume alfajiri, wakati harufu haijapotea na nyumba bado imelala. Ukitaka kutengeneza kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, unao mlangilangi, unayo asumini, rehani ulikuwa nayo tangu zamani.

Mueleze baba watoto juu ya kifusi kabla ya Jumamosi. Na mkianza kukibeba, anzeni ikikaribia magharibi, wacheza drafti wakiwa wanaanza kufika. Hao wamekaa kwako bure muda mrefu, hawatakataa toroli moja moja.